Gauni la Saizi Yangu

Jioni hii mjukuu wangu wa miaka saba amepiga mlango mateke, akikataa kulala. Nilipomtafutia blanketi kabatini, nilishika futi ya mama ya kupimia nguo, ile ya utepe. Bado inanuka mafuta ya cherehani.

Nilikuwa na miaka saba na miezi miwili, na ilikuwa Alhamisi. Binti wa jirani yetu, pale Mbugangari, alikuwa amefariki asubuhi, na mama alipewa kazi ya kumshonea gauni jeupe la kuzikiwa. Kwa kuwa tulilingana kimo, alinipima mimi.

"Simama muzuri," aliniambia, nami nikasimama.

Lakini wakati wa kulala nililiona gauni limetundikwa msumarini, saizi yangu kabisa. Nikapiga kelele, nikararua chandarua, nikamuuma mama mkono.

"Mi silali! Ile robe iko yangu! Mutanizika!"

"Ni ya mwenzako, mwana."

"Ulipima mimi!"

Mama aliinua mkono anipige, kisha akaushusha. Alijilaza mkekani kando yangu, akanyoosha miguu, akanipa futi.

"Bon. Na we nipime."

Nilimpima kutoka kisigino hadi utosini. Namba sikuzijua; shule niliianza nikiwa na miaka kumi na mmoja.

"Sasa tuko wawili tumepimwa," akasema. "Kama unaenda, tunaenda wote."

Nikalala. Asubuhi futi ilikuwa bado mkononi mwangu, na msumari ulikuwa mtupu.