Trela la Mama na Gari la Baba

Kila ninaponusa klachi inayoungua, pale malori yanapopanda kutoka Kibarani kwenda Changamwe, hujikuta nasaga meno. Ile harufu ya mpira na nywele vikiungua pamoja hunirudisha kiti cha nyuma cha gari la Baba, nikiwa na miaka tisa.

Mama alipika miaka mingi katika hoteli moja ya Shanzu. Hoteli ilipofungwa, alinunua trela lao kuukuu la watalii, lile lenye vitanda na meko ndani, awauzie wafanyakazi wa bandarini Kipevu mahamri na mbaazi. Ikabaki kulivuta hadi Changamwe, na Baba akasema gari lake litaliweza.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, hata gunia moja la mkaa lililinung'unisha. Mama alisoma kibati cha uzito kwenye trela, akasoma na kitabu cha gari, akamwonyesha Baba kwamba trela lilizidi mara mbili uzito unaoruhusiwa. Baba akajibu kuwa vitabu huandikwa na waoga. Mama akamshauri aazime pikapu ya Mjomba Hamisi, kaka yake. Hilo ndilo Baba hakutaka hata kulisikia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Bibi alizoea kusema, ila hakutuambia kwamba guu lenyewe laweza kuwa la gari.

Basi tukaondoka. Nyuma ya gari ilididimia, pua ikatazama mawinguni, na Baba akikata usukani, gari lilifikiri kwanza. Tulipofika Bamburi trela likaanza kuyumba, likitutupa huku na huku. Baba akasema ni upepo. Wallahi hapakuwa na upepo. Nguo zilizoanikwa kando ya barabara zilikuwa zimetulia tuli.

Mlima wa Kibarani ukatumaliza. Gari likaguna, moshi ukajaa, likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma polepole huku malori yakipiga honi. Mama akaruka chini na matofali mawili, akayasukumiza nyuma ya magurudumu ya trela. Hata hatujapumua, pikapu ya Mjomba ikasimama kando yetu.

Mjomba hakucheka. "Shemeji," alimwambia Baba taratibu, "tulifungue hapa. Mzigo huu wataka gari lenye kifua, usije ukamvuta mvutaji."

Baba akalifungua, wakalifunga kwenye pikapu.

Trela lilifika, na mahamri yake ndiyo yaliyonisomesha. Miaka yote nilidhani Mjomba alipita pale kwa bahati. Nilipokuwa mtu mzima ndipo Mama akaniambia kwamba alimpigia simu asubuhi ile atufuate kwa mbali, na matofali aliyapakia mwenyewe chini ya kiti chake.

Nikamuuliza mbona hakukataa tu safari.

"Nilimwambia mara tatu, mwanangu. Nikaona bora gari limwambie lenyewe, kuliko kuambiwa na mkewe mbele ya shemejiye."

Nikaelewa, na papo hapo nikakasirika upya. Heshima ya Baba ilitafutiwa pikapu na matofali. Mimi niliyekaa nyuma, hakuna aliyeniuliza kama nataka kupanda.