Macho Mapya ya Salhiya

Watu wa mtaa wetu wa Jang'ombe wakimuona Salhiya anapita bila miwani husema, "Mashallah, Bi Salhiya kaponywa." Mimi jirani yake, ukuta kwa ukuta, nimechoka kuwajibu. Zamani nilikuwa nikisimama nikaeleza. Siku hizi naitikia tu, naam, kaponywa, kisha naingia ndani kuangalia chungu changu.

Salhiya alivaa miwani tangu mdogo, anasoma Kurani chuoni. Haikuwa miwani ya urembo. Vioo vyake vilikuwa vinene hata macho yake yakaonekana madogo kama mbegu za papai, na bila hiyo hakumtambua mtu aliyesimama mlangoni. Akipika, mvuke unaifunika. Akitawadha, huivua akaiweka pembeni, halafu akaanza kuipapasa. Marehemu mumewe alikuwa akimtania kwamba yeye aliolewa kwa kusikia sauti tu, sura ya mume akaijua baadaye.

Lakini mwanamke huyu alikuwa akishona kofia, na hapo ndipo pa kumjua. Akikaa ukumbini na sindano yake, huivua miwani, akaileta kofia karibu na pua, karibu kabisa, ungedhani anainusa. Vitobwe vyake, vile vitundu vinavyozungushiwa uzi mpaka vikafanya viua, vilikuwa vidogo na vimelingana kama vimepimana. Mimi nami hushona, na sioni haya kusema: kofia yangu ukiiweka kando ya yake, yangu ni ya kuvaa kwendea sokoni. Wanaume walikuwa wakimuagiza tangu Rajabu ili wapate ya Idi, na wengine wakikosa.

Na kwetu huku kushona kofia hakuitwi kazi. Mtu anashona akishapika, huku anazungumza na wenzake. Kazi ni ya ofisini, au ya hotelini kama ya Khairat.

Khairat ni mwanawe wa pekee, yuko mapokezi katika hoteli moja ya Paje. Huko alikutana na mgeni, mama mmoja anayecheza ule mchezo wa kuvutwa na tiara juu ya bahari, aliyemwambia kwamba alikuwa haoni mbali na sasa ana lenzi ndani ya macho. Si mionzi, maana macho mabovu mno mionzi haiyafai. Ni lenzi ndogo laini, inapachikwa ndani ya jicho, mbele ya kioo chake cha asili, na ikibidi inatolewa. Khairat aliposikia hayo hakutulia tena. Alijinyima, akaweka akiba, mwisho akamchukua mama yake mpaka hospitali moja ya macho Dar es Salaam. Nami nikafuatana nao.

Daktari hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi kwa sababu watu wakisikia kisa hiki huanza kutafuta wa kumlaumu. Alieleza kwa upole: usiku taa huweza kuonekana na miviringo, presha ya jicho huweza kupanda, na lenzi ikikaa karibu mno na kioo cha asili, mtoto wa jicho huweza kuanza kabla ya wakati wake. Tena kwa umri wa Salhiya, aliyekwisha kupita arubaini, akishaona mbali atahitaji miwani ya kusomea.

"Miye si msomaji, daktari," Salhiya alisema. "Kurani nnayo kifuani."

"Unafanya kazi gani, mama?"

"Sina kazi. Nko nyumbani tu."

Khairat akaitikia kwa kichwa, nami nikaitikia. Hakuna aliyesema uongo. Muulize mwanamke yeyote wa Jang'ombe aliyebeba kofia mkobani mwake, atakujibu vivyo hivyo.

Operesheni haikuchukua muda. Alikatazwa maji usoni na alikatazwa kusujudu, akawa anasali juu ya kiti, jambo lililomsumbua kuliko maumivu. Siku alipofunguliwa macho alimtazama Khairat aliyesimama upande wa pili wa chumba, akalia. Sote tulilia. Furaha ile ilikuwa ya kweli na siwezi kuikana.

Tuliporudi Unguja, Khairat akatupeleka Forodhani. Magharibi ilikuwa imeshapita na wauza vyakula wamewasha taa zao. Salhiya akasimama penye ngazi, hasogei.

"Muone mama anavyostaajabu," Khairat alisema, uso wote umemchanua.

Mwenzangu hakuwa akistaajabu. Kila taa ilikuwa na duara la mwanga limeizunguka, maduara yameingiliana, naye hajui aweke mguu wapi. Alinibana mkono, akaninong'oneza, "Riyama, usimwambie." Tukala mishikaki yetu, tukarudi.

Khairat akarudi Paje, na Salhiya akaitoa kofia ya Talib. Talib ndiye mchumba wa Khairat. Kwetu bibi arusi humpelekea mume kofia iliyoshonwa nyumbani kwao, na kwa kuwa Khairat hajui hata kutunga uzi, mama yake ndiye aliyekuwa akimshonea. Nusu aliimaliza kabla ya safari. Akaileta karibu na pua kama desturi yake. Akaisogeza mbali. Akairudisha. Mimi nilikuwa nachagua mchele, nikaacha.

"Viua sivioni," alisema.

"Huvioni vipi? Jana si umenisomea kibao cha duka lile kule barabarani?"

"Kibao nnakiona. Viua sivioni. Naona weupe mtupu."

Tukenda Darajani tukanunua miwani ya kusomea, kisha nyingine yenye nguvu zaidi. Kwa herufi ilifaa. Kwa kitobwe kinachotosha ncha ya sindano tu haikufaa kitu. Shingo ilimuuma, kichwa kikamgonga, na uzi ukipita pembeni hana habari. Alishona, akafumua, akashona tena, mpaka kitambaa kikaanza kulegea. Yale macho ya karibu aliyozaliwa nayo, ambayo sote tuliyaita maradhi, ndiyo yaliyokuwa mali yake.

Nilikasirika. Nikamwambia, "Mwambie mwanao!"

"Nimwambie nini? Kila akipiga simu ananiuliza, mama, leo umeona nini? Namwambia nimeona mnara, nimeona kunguru juu ya paa. Namsikia anavyofurahi. Sasa nimwambie nini, Riyama?"

Alipotakiwa kurudi kuchunguzwa nilimpeleka mimi. Daktari akalitazama jicho la kushoto, akalitazama tena. Lenzi ilikuwa imelala karibu mno na mtoto wa jicho ameshaanza. Itabidi itolewe, na kioo cha asili nacho kitolewe, atiwe kingine. Salhiya akamuuliza kama hapo ataona sindano kama zamani. Akajibiwa kwamba anaweza kuchaguliwa kioo cha kuonea karibu, lakini jicho lile la zamani hakuna wa kumuahidi, na kila operesheni ina hatari zake. Tukapanda boti kurudi. Alikuwa amechoka, nami nimechoka kwa ajili yake.

Kofia akampa Mwanakheri, wa nyumba ya nyuma, aimalizie. Mwanakheri anashona vizuri, ila vitobwe vyake ni vikubwa kidogo na vimeachana.

Harusi ilipokaribia, Khairat akaja kuichukua. "Shikamoo mama. Shikamoo Bi Riyama."

"Marahaba," tukamuitikia.

Akaipeleka kofia mlangoni penye mwanga, akaizungusha, akacheka.

"Mama, mkono umebadilika humu! Hata miye nisiyejua kushona nnaona. Huku vikubwa ulishona kabla ya operesheni. Na huku," akapitisha ukucha juu ya vile vitobwe vidogo vilivyolingana, "huku ndo macho mapya. Au sio?"

Nilimtazama Salhiya. Nilidhani atasema ndiyo, kama alivyosema kwenye simu miezi yote ile.

"Huko vidogo nilishona na macho yangu mabovu," alisema. "Huko vikubwa kashona Mwanakheri. Miye sindano siioni tena, mwanangu. Na jicho la kushoto linataka kupasuliwa upya."

Khairat akakaa kwenye mkeka, kofia mkononi. "Tangu lini, mama?"

"Tangu tuliporudi."

Alilia bila ya sauti. Kisha akajifuta, akasema hii haipeleki kwa Talib, atanunua nyingine Darajani, iliyoshonwa na mkono mmoja. Salhiya akaipapasa kofia mapajani mwa mwanawe, akaikunja, akamtilia mkobani.

"Mpelekee hiyo hiyo," alisema. "Yeye macho yake mazima. Ataona mwenyewe nilipoishia."