Godoro Nililomchagulia Mama

Harufu ya kitambaa kipya cha godoro, kile kizito chenye mistari ya buluu na nyeupe, hunirudisha hadi leo katika duka moja la Homa Bay, mwaka mmoja au miwili baada ya Uhuru. Nilikuwa msichana wa miaka minane. Nje, upepo wa ziwa ulileta harufu ya omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa. Ndani, magodoro mawili yalikuwa yametandazwa sakafuni juu ya magunia, na mama amesimama kando yake, mkono kiunoni. Ndivyo alivyosimama siku zote tangu ateleze na mtungi wa maji kwenye tope la mto, kwetu Rangwe. Siku ile mtungi ulivunjika, yeye akanyanyuka akacheka, nasi tukadhani yamekwisha. Lakini maumivu yalijikita chini ya mgongo. Alikandwa kwa maji ya moto, akanywa dawa za miti, akapewa vidonge hospitalini. Baba, aliyekuwa kibarua katika mashamba ya chai kule Kericho, alipopata habari aliandika kwamba mama asilale tena kwenye mkeka wa mafunjo. Anunuliwe godoro, la kwanza katika boma letu. Babu, mzazi wa baba, ndiye aliyetupeleka.

Mwenye duka, mzee wa Kihindi mwenye sauti ya upole, alitueleza kwamba moja lilijazwa sufi na lilikuwa laini. Jingine lilijazwa nyuzi za makumbi ya nazi na lilikuwa gumu. Akasema godoro la mgongo mbaya halichaguliwi kwa macho, mgonjwa mwenyewe alale apime. Mama akainamisha uso. Kwetu mwanamke hakalii hata kiti cha baba mkwe wake, sembuse kujilaza mbele yake. Babu aligeukia mlangoni, lakini hakutoka.

"Lala wewe, nyathina, mwanangu," mama aliniambia taratibu. "Kisha uniambie lipi litanifaa."

Nikalala. Lile la makumbi lilikuwa kama ardhi. Lile la sufi lilinimeza, nami nikafumba macho nikiwaza jinsi nitakavyolala humo ubavuni mwa mama. Nilijua, hata wakati ule, kwamba nilikuwa nikijichagulia mwenyewe. "Hili," nikasema. Mwenye duka aliuliza tena kama mama hataki angalau kuliminya lile gumu kwa mkono. Mama akajibu kwamba mtoto ameshachagua.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Haukupita muda sufi ikajitenga, katikati pakawa shimo, na kila alfajiri nilimsikia mama akivuta pumzi kwa meno, akijitahidi kutoka humo. Sauti ile ningali naisikia. Kisha asubuhi moja niliamka peke yangu godoroni. Yeye alikuwa chini, kwenye mkeka wake wa zamani.

"Usimwambie mtu," alisema. "Baba yako amelitoa kwa moyo wake."

Mchana alilitandika kwa shuka iliyodariziwa, na majirani wakaja kulisifu.

Krismasi baba akaja, na mama akarudi godoroni kwa muda wote aliokuwepo. Jumapili ya mwisho hakuweza kunyooka. Alikwenda kanisani ameinama, akishikilia bega langu, na uzito wa mkono wake uliongezeka kila tulipopanda mlima. Jioni baba alimuuliza kama godoro linamsaidia. "Linanisaidia sana," alijibu, macho yake kwangu. Hapo ndipo ningeweza kusema kweli. Nilichukua sahani nikaenda kuziosha. Kesho yake baba aliondoka ameridhika, na mama hakunyooka tena sawasawa mpaka tulipomzika, nikiwa bado sijamaliza shule.

Leo Homa Bay ina maduka ya magodoro mtaa kwa mtaa. Vijana wa kuuza wanajua kueleza hili ni la mgongo na lile ni la wageni, na mabinti huwaagizia mama zao godoro kwa simu, likafikishwa hadi mlangoni. Nafurahi kuyaona hayo. Lakini kila nipitapo mbele ya maduka hayo nakumbuka kwamba nililala karibu na mama miezi mingapi sijui, nikamsikia akiumia kila kulipokucha, na sikumuuliza hata mara moja ni wapi hasa panamuuma.