Gunia la Bi Widad

Kadii wa Vitengeni, ukimgusa kwenye makaa yake, umemgusa mwenyewe. Huyu mama anachoma makaa tangu mumewe yuko hai, na si makaa ya kubahatisha, yale ya kuruka cheche na kuzima kabla maharagwe hayajaiva. Yake ni ya mgunga, mazito, ukiyagonga yanalia. Kila Ijumaa alipakia magunia kwenye kanta, lori dogo la kubeba mihogo, akashukia Malindi, na gunia zuri kuliko yote halikuuzwa njiani hata aje nani. Lewa mchoma nyama alilipapasa kila wiki na kulibembeleza, na kila wiki jibu lilikuwa moja: hilo lina mwenyewe. Mwishowe Lewa alichoka, akajitafutia mtu mwingine wa kumletea makaa.

Mwenyewe ni Bi Widad wa mtaa wa Shela. Walijuana kwenye foleni ya kliniki, wote wawili na mimba zao za kwanza, na tangu hapo wakawa mashoga wa kufa na kuzikana. Kadii akifika haambiwi karibu kama mgeni. Anapitiliza hadi ukumbini, ananawa vumbi jeusi, analipwa pesa ya gunia, anakuta sahani yake imefunikwa. Wali wa nazi huo, uliopaliwa makaa juu ya kifuniko hata punje zikaachana. Wakila, waliwasengenya watu wote wa Malindi na nusu ya watu wa Kilifi. Saa hizo ndizo zilizomfanya Kadii avumilie wiki nzima ya moshi.

Sasa mambo ya mjini nayo yakageuka. Mafuta ya taa yalipopanda bei watu walitupa stovu zao wakanunua mitungi ya gesi, na walipoionja gesi wakayaacha na makaa. Mlango huu na ule Kadii aliambiwa, mama, siku hizi sisi tunapikia gesi. Ilimuuma, lakini angefanyaje? Waliomwambia walimwambia usoni, wakaagana kwa wema. Kwa Widad hakuwa na wasiwasi, maana Widad mwenyewe aliapa mbele yake kwamba kwa gesi huwezi kupalia wali, na kwamba yeye na jiko lake la makaa mpaka kaburini. Ni kweli wali ulikuwa umeanza kuwa na majimaji. Widad akasema ni mkaza mwanawe, Sumeiya, bado hajajua kupika. Kadii, maskini ya Mungu, akamhurumia binti wa watu. Na akitaka kuingia jikoni amfundishe, Widad humkalisha: umechoka shoga yangu, keti.

Basi Ijumaa moja alimkuta Sumeiya peke yake. Widad alikuwa ametoka kwenda kumpa pole jirani. Binti akampokea kwa adabu, akamsaidia kushika gunia, na badala ya kuliacha mlangoni kama ilivyokuwa desturi, akafungua chumba cha nyuma.

Loo! Magunia yalikuwa yamepangwa karibu yaguse dari, na yote ni yake. Kadii hufunga magunia kwa vipande vya kanga zake kuukuu, na vipande vile alivijua kama anavyozijua nguo za wanawe. Hakuna hata gunia moja lililofunguliwa. Akageuka, akachungulia jikoni. Mtungi wa gesi umesimama, na sakafu haina hata chembe ya mkaa.

Sumeiya, kwa nia njema kabisa, akamwambia asijali kuona yamejaa, nafasi ipo. "Sisi tunapikia gesi tangu kabla sijaolewa, mama. Lakini Mama hawezi kukuacha. Hilo gunia lako, anasema, ndiyo sadaka yake ya Ijumaa."

Kadii akakaa juu ya gunia. Sadaka! Mtu kakata miti, kafukia tanuri, kalinda moshi hata macho yamemwiva, kawafukuza wanunuzi, kumbe muda wote huo anabisha hodi na kupewa, kama wale wanaokaa nje ya msikiti. Akamkumbuka Lewa. Akazikumbuka sahani zote alizokula akijisifu moyoni kwamba wali huu umeivishwa na makaa yangu mimi. Alikuwa akipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, naye anashukuru. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Widad aliporudi akaona mlango wa chumba uko wazi, akajua. Alianza kwa kucheka, akaona hachekewi. Akaeleza kwamba mtungi uliletwa na mwanawe Gharib, kwamba makaa yalikuwa yakimbana kifua, kwamba kila Ijumaa alikusudia kusema na kila Ijumaa ulimi ukawa mzito.

"Niliogopa, Kadii. Ningekuambia, ungeacha kuja."

"Ningekuja bila gunia," Kadii akasema.

Widad akalia, na yalikuwa machozi ya kweli, Kadii aliyaona. Hayo ndiyo yaliyomzidishia hasira. Kisha Widad akaharibu kabisa: akamsihi ayachukue magunia yote akayauze upya. Kadii akamwambia ayaache hapo hapo, ni yake, kayanunua. Akajitanda kanga yake akatoka, na chakula hakukigusa.

Ijumaa iliyofuata alikaa sokoni na magunia yake, bora na hafifu, ya yeyote mwenye kuyataka. Widad akaja kumtafuta, kabeba hotipoti ya wali. Akapenya katikati ya watu mpaka mbele yake, akamwita kwa sauti ndogo, "Shoga."

Mtu na shoga yake hawaamkiani kwa shikamoo. Shikamoo ni ya mkubwa wako, au ya mtu unayekula kwake, na kwa umri Widad ndiye mdogo. Kadii akafuta mikono, akainuka, akainamisha kichwa mbele ya soko zima.

"Shikamoo, Bi Widad."

Widad akafungua mdomo. Marahaba haikumtoka.