Hodi Kabla ya Vali

Mwanangu, nimesikia wanakutoa kwenye friji za majumbani wakupeleke kwenye vyumba vikubwa vya baridi. Nimefurahi, kisha nikaingiwa na hofu, maana nimekumbuka siku moja ya ujana wangu.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa kijana, fundi wa friji za mafuta ya taa katika majumba ya Wazungu ya Diani. Friji ikigoma, niliipindua kichwa chini miguu juu, kesho yake nikaisimamisha, na baridi ikarudi. Kwa ujanja huo mmoja niliitwa fundi, nami nikavimba kichwa. Ndipo nikachukuliwa kiwanda cha barafu Msambweni, chini ya Mzee Bakari, mtu wa kijiji cha Bodo, mpole wa maneno.

Mashine ile ilikuwa kubwa kuliko chumba nilicholala. Hiyo huipindui, mwanangu. Yenyewe ilikaa chumba kimoja, tangi la barafu chumba cha pili, na mabomba yakapenya ukutani yamebeba amonia, hewa kali inayokata pumzi na kuunguza macho.

Mzee alikuwa na sharti moja. Vali, kile kifungulio cha bomba, haiguswi mpaka upige hodi, na aliye upande wa pili aitikie karibu.

"Friji ya Diani ulikuwa nayo peke yako," aliniambia. "Hii ina mwenzio nyuma ya ukuta, humwoni. Piga hodi tatu. Usipoitikiwa, rudisha mkono wako."

Mimi nikaona haya. Wapakiaji wa barafu walikuwa mlangoni, watu wa mzaha, na mtu mzima nilibishie bomba hodi! Ujana, mwanangu, una aibu mahali pasipo aibu.

Adhuhuri moja Mzee alizima mashine, akafunga vali, akaenda chumba cha tangi kufungua kiungo cha bomba kilichokuwa kikivuja. Mimi akaniacha nilinde. Nikatazama saa ya mashine, ile inayopima nguvu ya hewa ndani, nikaona mshale wake unapanda. Ukapanda tena. Jasho likanitoka. Nikawaza, mashine hii itapasuka, na Mzee atasema nilikuwa nimekaa tu. Hodi ilinifika kooni. Nikawatazama wapakiaji, nikaimeza. Nikafungua vali ili hewa ipungue.

Nilisikia ukelele mmoja tu. Nikaifunga vali papo hapo, lakini harufu ilikwisha tujaa puani. Wapakiaji wale wale niliowaonea haya ndio walioingia wamejifunga shuka usoni, wakamtoa. Tulimmwagia maji machoni ndoo baada ya ndoo, naye akiuliza, "Uko salama, kijana?" Laiti angenitukana.

Hospitalini walimfunga macho kwa bendeji. Siku saba nilikwenda kwake kila asubuhi, nikasimama barazani. "Shikamoo, mzee." "Marahaba." Basi. Mkewe aliniletea chai, nami sikuweza kuinywa. Hofu yangu ilikuwa moja: kwamba nimempofusha mtu aliyenifundisha kazi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, na aliyevunjika ni mkuu mwenyewe.

Siku ya nane nilikuwa peke yangu chumba cha mashine. Nikasikia sauti mlangoni. "Hodi." Nikageuka, nikamwona Mzee Bakari, jicho la kulia zima, la kushoto limeingia ukungu ambao haukutoka mpaka alipokufa. Angeweza kuingia tu, kiwanda alikijua kuliko mimi. Akasimama kizingitini. "Hodi," akasema mara ya pili. "Hodi." Akangoja, hakuinua hata mguu, mpaka niliposema, "Karibu, mzee wangu."

Akaingia. "Mshale ule ulipanda kwa joto la mchana," akasema. "Ungepanda na kutulia. Ungeniuliza, ningekwambia." Hakulitaja tena.

Basi, mwanangu, huko unakokwenda utaogopa. Ogopa, si aibu. Lakini hofu isikutangulie kwenye vali. Kazi ndogo ilikutaka ujue. Kazi kubwa inakutaka uulize, hata wakikucheka, maana mkono wako unafika mahali ambapo jicho lako halifiki. Piga hodi, ungoje.

Nenda na radhi zangu. Mola akulindie macho yako, na akulindie macho ya mwenzio aliye nyuma ya ukuta.