Mzee wa Ndevu za Pamba

Kipindi chetu cha mizaha kilipoanza tulikuwa na kamera moja, na mchekeshaji naye alikuwa mmoja: rafiki yangu, ambaye mpaka leo sijaona wa kumfikia. Mimi ndiye niliyepiga picha. Nilijibanza mnadani nyuma ya tenga la kuku, kamera ikichungulia tunduni, kuku wakinidonoa vidole. Hiyo ndiyo televisheni niliyokuwa nikiiota!

Rafiki yangu alijibandika ndevu za pamba, akajitanda shuka, akashika fimbo. Kijana mbichi kabisa, lakini kwa mwendo ule ungeinuka umpishe kiti. Mzaha wenyewe ulikuwa rahisi. Anamwomba mtu amshikie ng'ombe kidogo, kisha anapotea, nasi tunanasa hasira za aliyeachiwa kamba. Ng'ombe alikuwa wa mama yake, wa pekee wa maziwa pale kwao Gitting. Tulimteremsha hadi mnada wa bondeni, ambako hatukujulikana, tukiwa tumeapa kumrudisha mapema kwa ndama wake.

Alimwendea mama mmoja mtu mzima, mfugaji wa mbugani, aliyekuwa ameshauza mbuzi wake. Mama akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nishikie huyu, nakuja sasa hivi."

Tukasubiri hasira. Hazikuja. Mama alimvuta ng'ombe kivulini, akamwombea maji kwa wauza chai, akamshika kiwele, akaguna. Wenzake walimwita waondoke, akakataa. Jua lilipoanza kushuka uvumilivu ulinishinda, maana tulikuwa tunamtesa mtu mwema bure. Nikapiga mluzi rafiki yangu amalize.

Akaja mbio bila ndevu, anacheka, anaonyesha tenga langu. "Mama, ilikuwa utani! Ng'ombe ni wetu, uko kwenye televisheni!"

Mama akaikaza kamba mkononi. "Wewe nani? Mimi nimepewa na mzee. Mali ya mzee nimpe mtoto?"

Wachungaji wakaanza kusogea na fimbo zao. Kijana mgeni anayedai ng'ombe wa mtu mnadani ana jina moja tu huku kwetu, na si zuri. Nilitoka nikiinua kamera juu, hakuna aliyeijali. Mkuki kwa nguruwe! Niliogopa kweli, nikamfikiria na yule mama kule Gitting akichungulia njia.

Rafiki yangu hakubishana. Alizitoa ndevu mfukoni, akazibandika mbele ya watu wote, akapinda mgongo, akaja polepole akikohoa. "Mwanangu, nimechelewa. Nisamehe."

Mnada mzima ukaangua kicheko. Hata wenye fimbo walishika mbavu. Nimefanya naye kazi miaka mingi, na bado hiyo ndiyo naiona kazi yake bora.

Mama peke yake hakucheka. Alimtazama sana, kisha akamkabidhi kamba mkono kwa mkono.

"Ng'ombe wako huyo, mzee. Sasa vua hizo ndevu, unirudishie shikamoo yangu."

Kijana kuitikia marahaba kwa mtu wa umri wa mama yake si jambo la kuchekea. Rafiki yangu akazivua ndevu, akainama.

"Shikamoo, mama."

Mama akamwacha ameinama vile vile kwa muda.

"Marahaba. Haya, kimbia. Kiwele kimejaa, kuna ndama analia mahali."