Dawa Iliyoua Vijidudu Kwenye Sahani

Iko siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko nyingine zote: siku shangazi yangu Taaka alipokuja kuniomba dawa ambayo haikuwa dawa bado.

Nilikuwa nimeajiriwa katika maabara ya utafiti mjini Tororo. Kiongozi wetu alikuwa Daktari Akello, mwanamke wa Mukuju, mpole wa sauti na mgumu wa msimamo. Tulitafuta dawa mpya za kifua kikuu, hasa kile sugu, ambacho mbele yake dawa za kawaida hazikufua dafu. Tulichota udongo wa vinamasi, maana humo vijidudu hupigana vyenyewe kwa vyenyewe, na silaha ya kimoja huweza kuwa dawa ya mtu. Udongo mmoja ulitupa kitu. Kila tulipokidondosha kwenye sahani ya kioo yenye vijidudu vya kifua kikuu, vilikufa.

Habari zikafika kijijini kwetu Masaba. Habari njema haingoji bodaboda.

Wandera, mtoto wa pekee wa shangazi, alikuwa mpakuaji wa mizigo ya malori pale mpakani Busia. Alipougua mara ya kwanza alipewa vidonge. Kikohozi kilipotulia akaviacha, akarudi kwenye magunia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ugonjwa ulirudi, na safari hii ulikuwa umezizoea dawa.

Shangazi alifika maabara amevaa gomesi yake ya kanisani.

"Ouma, Wandera anakwisha," alisema. "Mimi nataka ile dawa yenu. Hata kidogo tu."

Nikaenda kumwomba Daktari Akello. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwenye sahani, Ouma, hata moto wa kiberiti unaua vijidudu," alisema. "Sahani haina ini. Haina figo. Wandera anavyo. Unataka ndugu yako awe panya wetu wa kwanza?"

Akaniambia niende mimi mwenyewe kumweleza shangazi, nisitume mtu.

Nilimkuta kwenye benchi la nje. Nikamwambia kweli: hatujui kitu hiki kitamfanya nini Wandera, bado hatujakijaribu hata kwa panya, ampeleke hospitali, kwenye matibabu magumu lakini yanayojulikana.

"Mtoto wangu anakohoa damu," alisema, "na wewe unaniambia nisubiri panya?"

Akaondoka, na kwa muda mrefu hakuitikia salamu yangu. Sikumlaumu. Mfa maji haachi kutapatapa.

Hata hivyo Wandera alilazwa, akaanzishiwa sindano na vidonge vya miezi mingi. Alitapika, akakonda, masikio yakaanza kumvuma. Kila Jumapili baada ya ibada nilikwenda kumtazama, na mara nyingine niliondoka nikijiuliza kama tulimnyima uhai.

Kisha majibu ya panya yakatoka. Kile kitu kiliwaharibu maini, wakafa. Daktari Akello aliyasoma, akasema tuchote udongo mwingine.

Nilikwenda Masaba kumweleza shangazi. Alinipakulia ugali wa wimbi, akaketi karibu nami, tukala.

Wandera alipona, lakini zile sindano zilichukua masikio yake. Mpaka leo, ukizungumza naye, hukutazama midomo. Siku hizi viko vidonge vipya, na wengi wenye ugonjwa sugu hawachomwi tena sindano za namna ile. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nyuma ya kidonge kimoja ziko chupa nyingi zilizomwagwa, na yetu ilikuwa mojawapo.

Basi, mwanangu, ukipewa dawa imalize, hata mwili ukikuambia umepona. Na kama siku moja wewe ndiwe utakayeitafuta, jaribio usiliruke kwa sababu unampenda mgonjwa. Kwa kumpenda, lirudie. Ukilazimika kumwambia mtu mwenye uchungu kwamba hujui, mwambie wewe, uso kwa uso, kisha uvumilie hasira yake, kwa maana ana haki nayo.

Mungu akujalie pumzi ndefu, mikono yenye subira, na ndugu watakaokula nawe hata baada ya kusikia kweli.